Nani Alimruhusu Mbithi?

Lowell, Massachusetts
9 Septemba 2005

Mdogo wangu Mbugua,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyumba ya Mama bado ina paa. Mimi sijambo. Mgongo unalalamika, lakini kwa adabu. Wazee ninaowatunza hapa wamebaki kumi na wanne. Wiki jana alifariki bibi mmoja aliyekuwa akiniita kwa jina la dada yake, nami sikuwahi kumsahihisha. Wapangaji wako je? Na Wanjugu wa chumba cha mwisho, ameshajifungua?

Sikupiga simu kwa sababu kadi huisha kabla ya salamu, na jambo lenyewe ni refu.

Mwezi wa saba nilipigiwa na mtu anayeitwa Tobias. Anakaa Loresho, anatengeneza vipindi vya televisheni. Anasema utotoni hakukosa kumsikiliza Wamucii redioni kila Alhamisi jioni, na sasa anataka kumtia kwenye picha: ploti ile ile, vyumba kumi vile vile, na Wamucii mwenye ploti akipita milango akisikiliza mambo ya wapangaji. Nilipokata simu nilikaa kitandani na koti la kazi mwilini. Miaka tisa nilimwandika mwanamke yule, dakika kumi na tano kila wiki, na tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa mwandishi. Huku mimi ni yule wa zamu ya asubuhi.

Sasa sikia. Phoebe, ninayesali naye, amerudi kutoka Nairobi na kijitabu alichonunua kwenye daraja la Ngara. Akanipa, akasema, "Wangu, kwani huyu si mama yako wa redio?" Kinaitwa *Wamucii Agonga Mlango*. Jaladani kuna mwanamke mnene, na Wamucii hakuwahi kuwa mnene. Mwandishi ni T. Mbithi. Jina langu halimo, hata kwa herufi za sisimizi.

Wakili wangu, Bi Vidhi wa Mtaa wa Biashara, amesoma mkataba wangu wa zamani na redio. Wao walikuwa na haki ya kutangaza tu. Wamucii ni wangu. Lakini anasema Tobias hatanunua kitu ambacho mtu mwingine anakiuza barabarani. Lazima huyo Mbithi apatikane, akiri kwa sahihi yake kwamba hakuruhusiwa, na akome. Tobias amenipa hadi tarehe 31 Machi. Baada ya hapo atatafuta hadithi ya mtu mwingine.

Wewe unasahihisha chapa kwa Mahesh mpiga chapa, hapo hapo Ngara. Nitafutie mtu huyu.

Dada yako,
Wangu


Kinoo
16 Oktoba 2005

Dada Wangu mpendwa,

Nimepokea barua yako, nikaisoma nimesimama, kisha nimeketi, kisha nimesimama tena. Nyumba ina paa. Linavuja pale pale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, kwa hiyo ukija hutapotea. Wanjugu alipata msichana mwenye mapafu ya mhubiri. Ploti nzima imeokoka kwa lazima. Kaburi la Mama nimelipalilia. Pole kwa yule bibi aliyefariki, na pole kwa dada yake pia, yaani wewe.

Hongera kwa habari za Tobias. Nilipita Loresho mara moja kupeleka kadi za harusi. Mbwa wa huko wana nyumba zenye vigae. Wamucii atapapenda, atapata ua mrefu wa kuchungulia.

Kuhusu Mbithi, Jumamosi nilienda mwenyewe kwenye daraja. Vitabu nimeviona. Viko vitatu, vimetandazwa kwenye gunia kati ya mikanda ya wanaume na ramani za Afrika. Nikamuuliza muuzaji, "Huyu Mbithi ni wa wapi?"

"Mzae, Mbithi ni nani tena? Mimi nauza Wamucii."

"Mwandishi. Jina lake si hili hapa?"

"Aah, mimi nilidhani hiyo ni kampuni." Akanitazama viatu. "We ni wa Kanjo?"

Nikasema mimi si wa Baraza la Jiji, mimi ni mpenzi wa kusoma. Hapo ndipo alipoanza kunishuku kweli kweli.

Nimeuliza na kwingine. Mmoja ameniambia Mbithi ni mwalimu wa Machakos aliyeachishwa kazi. Mwingine anasema ni mwanamke. Wa tatu amesema alishakufa, lakini huyo husema hivyo kuhusu kila mtu. Mahesh naye nimemuuliza. Amesema hajui lolote. Mahesh hujua kila karatasi inayopata wino hapa Ngara, kwa hiyo kutojua kwake ni habari ya kutosha siku moja.

Nitaendelea kutafuta. Kazi kama hizi hazitaki pupa.

Kitabu chenyewe ulikionaje? Nauliza tu kwa sababu mimi sijapata nafasi ya kukisoma.

Ndugu yako,
Mbugua


Lowell
21 Novemba 2005

Mbugua,

Hujambo? Huku baridi imeanza kuuma, nami nimevaa soksi mbili mbili kama mtoto anayepelekwa bweni. Mpe Wanjugu hongera. Nimemshonea mtoto kofia ya sufu, itakuja na mtu wa Phoebe, ikichelewa atavaa dada yake wa baadaye.

Mtu huyo huyo wa Phoebe amenitumia kitabu cha pili, *Wamucii na Fundi wa Stima*. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa makini.

Umeniuliza nimekionaje. Mbithi anaandika vizuri kuliko nilivyotaka. Ana ugonjwa wa alama za koma, anazitapakaza kama mtu anayelisha kuku. Lakini Wamucii akifungua mdomo, ni yeye. Kuna mahali nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika kwamba nimechekeshwa na kitu changu mwenyewe kilichoibwa.

Ukimpata, usimfokee. Muulize kwanza kama anakula vizuri. Ana mtu wa kumpikia? Mtu anayejaza watu wengi hivyo kitabuni, mara nyingi nyumba yake haina mtu.

Halafu umweleze vizuri: hakuna atakayemtia ndani. Ni karatasi moja tu kwa Bi Vidhi, na jina lake la kweli chini yake. Tarehe ni ile ile, 31 Machi.

Wako,
Wangu


Kinoo
8 Januari 2006

Dada Wangu,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kukujibu, nawe unajua posta ya Desemba. Nilichinja kuku mmoja siku ya Krismasi, nikamla siku nne. Siku ya tano nilimkumbuka. Wapangaji wote walikuwa wameenda kwao mashambani, hata Wanjugu na mhubiri wake, na nilipita milango yote kumi nikihakikisha imefungwa, ingawa hakukuwa na wa kuifungua. Kofia ilifika. Ni kubwa, mtoto anafanana na mkuu wa wilaya.

Nina habari. Mbithi mwenyewe sijamwona uso kwa uso, lakini nimempata mtu anayemjua vizuri.

Anasema anakula. Hupika githeri ya mahindi na maharagwe Jumapili, sufuria kubwa, akala hadi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hutegemea Mungu. Hana mke. Alikuwa na mchumba zamani, kukatokea mambo. Mama yake alikufa na ndugu yake yuko mbali. Ni mtu asiyekuwa na masomo mengi, alifika kidato cha pili, yaliyobaki ameyasoma kwenye karatasi za watu wengine.

Nikamuuliza mtu huyo: kwani Mbithi hakujua kwamba Wamucii ana mwenyewe? Akanijibu kwamba alijua. Lakini anasema kipindi chako cha mwisho, ule mwaka wa 2002, kiliisha Wamucii akiwa mbele ya chumba namba saba, mkono juu, anataka kugonga. Mtangazaji akasema tukutane Alhamisi ijayo. Alhamisi ijayo wakapiga muziki. Na iliyofuata, muziki. Watu wakawa wanaulizana kwenye bucha, kwenye foleni ya maji: "Kwani aligonga au hakugonga? Ndani mlikuwa na nani?" Mwanamke wa miaka sitini amesimama mkono juu miaka mitatu, dada. Mbithi anasema alimhurumia bega.

Anasema pia kwamba nyumba yake ilizoea sauti ya Wamucii, na ilipokatika alisikia friji. Hakuwa amewahi kuisikia. Basi akawa anaandika kidogo kidogo, si kwa kuuza, ili pawe na mtu anayezungumza. Kuuza kulikuja baadaye, na wazo halikuwa lake, ingawa hakulikataa.

Karatasi ya Bi Vidhi anaiogopa. Jela haimtishi sana, huko angalau watu wapo. Anasema akitia sahihi, itabidi anyamaze.

Nitaendelea kumbembeleza.

Mbugua


Lowell
19 Februari 2006

Mdogo wangu,

Salamu. Theluji imefika madirishani. Jana mzee mmoja hapa aliniomba nimtoe nje aone, nikamfunika mablanketi manne, tukasimama mlangoni, kisha akasema, "Inatosha." Nimeipenda sentensi hiyo. Mimi ni mzima. Nafurahi kofia ilifika.

Mwambie Mbithi nimesikia kuhusu githeri na kuhusu friji. Lakini asidhani huruma ni ruhusa.

Anasema alimhurumia Wamucii bega. Wamucii hana bega. Alisimama pale kwa sababu mimi nilimsimamisha. Hati ya kipindi kile cha mwisho niliiandika usiku wa kuamkia safari, nguo zikiwa nusu sandukuni. Nilijua ndani ya chumba namba saba kuna nani. Ningeweza kuandika kurasa mbili nikamaliza kila kitu, redio waliniomba hivyo. Nikakataa. Nilidhani naondoka kwa mwaka mmoja. Nilimwacha mlangoni ili mimi mwenyewe niwe na pa kurudia.

Hesabu ya mwaka mmoja haikwenda nilivyopanga. Mama hata sikuja kumzika, na sababu yake siwezi kuiweka kwenye karatasi inayopita mikono ya watu. Wewe hukuniuliza, nakushukuru. Lakini miaka yote hiyo, nikiamshwa saa kumi na moja kwenda kuwaosha wazee wa watu, nilikuwa na kitu kimoja tu kinachonisubiri nilivyokiacha. Sasa nafungua kitabu cha daraja la Ngara, nakuta mtu ameshagonga mlango, ameshaingia, ameshanywa chai.

Ndani aliweka mpangaji aliyetoroka deni. Si huyo. Hata kidogo.

Siku arobaini zimebaki. Mwambie sitaki kulijua jina lake kwa njia ya askari wala ya wakili. Nataka alilete yeye.

Wangu


Kinoo
30 Aprili 2006

Dada,

Naanza na salamu kwa sababu Mama alitufundisha hivyo hata nyumba ikiungua. Mvua ni nyingi. Choo cha ploti kimezama upande mmoja, wapangaji wanaingia wameinama kama wanaingia kanisani. Mtoto wa Wanjugu ameota jino. Machi nzima sikukuandikia. Nilikuwa nikitoka kazini napita posta, natazama dirisha la stempu, naenda zangu.

Sasa nakueleza kilichotokea wiki jana.

Nilikuwa napita daraja la Ngara. Yule muuzaji akaniita, "Mzae wa Mbithi! Njoo, kumetoka namba nne."

Nikamwambia hakuna namba nne.

"Si hii?" Akanipa. *Wamucii Amfukuza Mjane*. Na chini: T. Mbithi.

Nilikisoma nimesimama katikati ya daraja, watu wakinipiga mabega. Ndani yake Wamucii anamtupia mjane vyombo nje kwenye mvua. Anamtukana. Anampiga kofi mtoto wa mjane. Wamucii, dada! Ambaye miaka tisa hakumtoa mtu kwenye ploti, aliwachosha kwa maswali tu hadi wakalipa. Na koma hazikuwepo kabisa.

Nikaenda kwa Mahesh moja kwa moja, kitabu mkononi. Alikuwa anakata kadi za mazishi.

"Nani ameandika hii?"

"Mbithi," akasema.

"Mahesh, usinichezee. Nani?"

"Kijana mmoja wa chuo. Anaandika haraka kuliko wewe. Wewe kitabu kimoja miezi minane, bwana, wateja wanazeeka."

"Nani alimpa ruhusa kumfanya Wamucii hivi?"

Akaweka kisu chini. Mahesh si mtu mbaya, na hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri. "Ruhusa? Kutoka kwa nani, Mbugua? Kwa Mbithi? Haya, mlete Mbithi aje ashtaki. Tutampikia chai."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi. Kwamba kijana huyo hajui Wamucii anavyotembea, kwamba Wamucii hawezi kumpiga mtoto, kwamba namjua tangu alipokuwa sauti tu kwenye meza yetu ya jikoni. Na kila neno nililotaka kusema, dada, lilikuwa lako. Ulishaliandika Februari.

Mimi ndiye Mbithi. Nadhani umeshaelewa sasa. Hakukuwa na mwalimu wa Machakos. Hakukuwa na mtu anayemjua. Nilikaa hapa jikoni nikakudanganya kwa mwandiko mzuri.

Sikukuuliza kwa sababu ungekataa.

Najua kwamba 31 Machi imepita. Labda Tobias atangoja kidogo. Niambie cha kufanya.

Mbugua


Lowell
28 Mei 2006

Mbugua,

Habari za Kinoo? Hapa miti imeota majani kwa wiki moja kama iliyoamrishwa. Natumaini choo kimenyooshwa. Jino la mtoto lisiharakishwe na jingine.

Nilijua tangu Novemba.

Katika kitabu cha pili uliandika kwamba Wamucii, siku mumewe alipomwacha, alitoka saa sita mchana akafagia njia kutoka barabarani hadi mlangoni, akirudi kinyumenyume, ili zisibaki nyayo za yule mtu wala zake mwenyewe. Tuliomwona Mama akifanya hivyo tulikuwa wawili, dirishani, wewe umepanda ndoo. Hadithi hiyo sikuiweka redioni kwa miaka tisa. Nilikuwa na wiki ambazo sikuwa na la kuandika, redio wananipigia simu, na bado sikuiweka. Ile haikuwa ya Wamucii. Wewe ukaiuza kwenye gunia.

Hilo ndilo limeniuma kuliko jalada, na kuliko jina.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nilipouliza kama Mbithi anakula, ulinijibu ukweli. Miaka mitatu nilikuwa nakuuliza u hali gani, unaniambia paa linavuja. Mbithi aliniambia kuhusu friji. Nilitaka kuendelea kumsikia. Kwa hiyo na mimi nina kosa langu, na nalijua ukubwa wake.

Unasema hukuniuliza kwa sababu ningekataa. Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana watu huulizwa.

Nenda kwa Bi Vidhi utie sahihi. Jina lako, lile Mama alilokuita. Hati zote uzipeleke, na zile ambazo hujazimaliza, maana nakujua, zipo. Mahesh atapata barua yake kutoka kwa wakili. Kaa mbali nayo.

Na kwa kuwa tumeacha kufichana: nimeanza kuandika tena, saa yangu ya chakula, kwenye karatasi za dawa za wazee, upande usio na maandishi. Ukurasa mmoja na nusu. Kwangu mimi Wamucii bado hajagonga.

Sikutumii.

Wangu


Kinoo
9 Julai 2006

Dada Wangu,

Baridi ya Julai imetukalia hapa Kinoo, ukungu unaingia hadi kwenye chai. Choo kimenyooshwa, sasa kimeinama upande wa pili. Wanjugu amehamia Uthiru kwa mumewe. Chumba cha mwisho ni kitupu na sijaweka tangazo. Mahesh nimeachana naye. Hakunifukuza wala sikuaga, siku moja tu sikushuka Ngara, naye hakupiga simu kuuliza. Nasahihisha mitihani ya shule mbili za hapa. Wanafunzi nao wana ugonjwa wa koma.

Kwa Bi Vidhi nilienda Jumanne. Nilivaa koti la mazishi ya Mama. Ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi, kwa hiyo nilifika nikihema kama mwenye hatia, jambo ambalo lilikuwa sawa.

Ni mwanamke mdogo, mpole, mwenye miwani anayoivua akitaka kukutazama. Akasoma karatasi kwa sauti. "Mimi, Mbugua, niliyejiita T. Mbithi, niliandika na kuruhusu kuchapwa vitabu vinne..." Nikamwambia vitatu, si vinne. Akasema, "Vinne kwa jina lako." Nikamwambia si jina langu. Akavua miwani. Nikatia sahihi.

Nikampa hati zote na daftari la kitabu ambacho sikukimaliza. Daftari nilishindwa kuliachia mara ya kwanza. Alingoja tu, mkono wake juu ya meza.

Kisha nikamuuliza, "Sasa Tobias ataanza lini?"

Akashangaa. "Dada yako hakukuambia? Tobias alijitoa Aprili mosi. Wanapiga picha ya hadithi ya daktari wa ng'ombe."

Nikamwambia labda bado tunaweza kumwonyesha karatasi.

"Hii karatasi ingefika Machi ingefaa," akasema. "Desemba nilimshauri dada yako tupeleke kesi, nimtafute huyu Mbithi kwa nguvu ya mahakama. Ni kazi ya wiki mbili, mitambo ya chapa Ngara haijifichi. Akakataa. Nilimwandikia tena Februari. Akakataa tena, akasema mtu huyo atakuja mwenyewe."

Niliteremka ngazi. Pale chini Biashara kuna maduka ya vitambaa, yamening'iniza nguo za watoto nje. Nilisimama nikizitazama hadi mwenye duka akatoka akaniuliza, "Mzee, unatafuta saizi gani?" Nikamwambia sina mtoto. Akasema, "Basi karibu siku nyingine," kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionimaliza.

Kwa hiyo ulijua, na ukangoja, na ulipoona sisemi ukaiacha televisheni ipite. Na Mei ulipoandika hukuniambia. Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu zilikuwa na maelezo, nimezichoma.

Nina jambo moja la kukuomba, na sijawahi kukuomba kitu kwa njia hii. Ule ukurasa mmoja na nusu. Naomba ruhusa yako niusome. Sitaunakili, sitamwonyesha mtu, sitaongeza hata koma. Ukikataa, nitakuwa nimekataliwa.

Ndugu yako,
Mbugua


Lowell
13 Agosti 2006

Mdogo wangu Mbugua,

Salamu kutoka kwenye joto ambalo huwezi kuamini. Wazee tumewaweka mbele ya feni kama nguo zilizoanikwa. Wamebaki kumi na wawili. Mgongo umenyamaza, nadhani unapanga jambo. Chumba cha Wanjugu weka tangazo, nyumba isikae na mlango usiofunguliwa. Na ununue koti lingine, lile la mazishi lilikuwa la Baba, halikukukaa hata kwenye picha za siku ile.

Karatasi imefika na muhuri wake. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na cheti cha kifo cha Mama.

Usiniombe radhi kwa ajili ya Tobias. Bi Vidhi aliponiuliza Desemba kama namjua Mbithi, nilimjibu kwamba namtafuta. Sikumdanganya. Nilikuwa nakuandikia.

Daftari lako amenitumia. Sijalifungua. Ni kazi yako juu ya mtu wangu, na sijaamua ni la nani. Liko kabatini.

Kurasa zimefika nne. Sasa kuhusu ombi lako: nimelisoma, nikalisoma tena siku ya pili nikitoka kazini, na jibu ni bado.

Uliza tena mwezi wa kumi.

Dada yako,
Wangu